S ya Carney si ya Oxford

Desemba 2025 kundi la wanaisimu na wahariri wa Kanada lilimwandikia Waziri Mkuu Mark Carney barua ya wazi. Haikuhusu kodi wala ushuru wa Trump. Ilihusu herufi. Nyaraka za serikali yake, bajeti ya Novemba ikiwamo, zilikuwa na maneno kama "globalisation" na "catalyse", yameandikwa kwa s pale ambapo Mkanada amezoea kuweka z. Wakamwomba arudi kwenye Kiingereza cha nyumbani. Habari ilipoenea, wapo waliocheka: nchi inatishiwa kugeuzwa jimbo la 51 la jirani yake, na wasomi wake wamekaa wanahesabu herufi. Wapo pia waliotikisa kichwa na kusema ndiyo hayo, mtu kakaa London akiongoza Benki Kuu ya Uingereza tangu 2013 hadi 2020, sasa amerudi na s za watu kwenye begi. Waliocheka na waliotikisa kichwa wamekosea mahali pamoja. Wote wamechukulia kwamba s ni mali ya Uingereza na z ni mali ya Marekani, kama bendera na mlingoti wake.

Mtu anayeandika Kiswahili kila siku anaweza kupata taabu kuelewa ugomvi huu, na taabu yake ina maana. Kwetu s na z ni sauti mbili. Ukiandika zaa badala ya saa, umeondoka ukutani umeingia wodi ya wazazi. Kwenye Kiingereza, "globalisation" na "globalization" zinatamkwa sawasawa, kama ilivyo kwa "colour" na "color", "centre" na "center", "defence" na "defense". Herufi inayobishaniwa haina kazi yoyote mdomoni, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kwa kuwa haitamkwi kitofauti, imebaki huru kubebeshwa mizigo mingine: tabaka, elimu, uzalendo, dharau. Hoja yangu ni kwamba mizigo hiyo haitwambii mwandishi ametoka wapi. Inatwambia ni nani asiyetaka kufananishwa naye. Na ukiisoma hivyo barua ya Wakanada, utaona walikuwa na haki, ila kwa sababu tofauti na ile iliyodhaniwa na wengi.

Tuanze na z yenyewe. Kiambishi tamati kinachobishaniwa, -ize, asili yake ni Kigiriki, na Wagiriki walikiandika kwa zeta, ambayo ndiyo z yao. Kilipoingia Kilatini kilibaki na z. Kifaransa ndicho kilichokigeuza kikawa s, na Kiingereza, kwa tabia yake ya kukopa bila kurudisha, kikapokea kutoka milango yote miwili. Waliotunga kamusi kubwa ya Oxford walipotakiwa kuchagua, walichagua z, na idara ya uchapaji ya chuo hicho inaishikilia hadi leo. Gazeti la The Times la London, ambalo hakuna aliyewahi kulishuku kuwa la Kimarekani, liliandika kwa z mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sasa kumbuka Carney amesoma wapi: shahada ya uzamili na ya uzamivu alizichukua Oxford. Angefuata kamusi ya chuo chake mwenyewe, angeandika "globalization", na wanaisimu wangekuwa na neno moja pungufu la kulalamikia. "Catalyse" ni kesi nyingine. Lile halina zeta ndani yake, mzizi wake wa Kigiriki una s, na hata Oxford wanaliandika kwa s. Wenye z hapo ni Wamarekani na Wakanada. Kwa hiyo kati ya maneno mawili yaliyomponza Waziri Mkuu, moja kweli ni la Uingereza na jingine ni la nusu ya Uingereza tu. Wengi wa wanaojitangaza kuwa watetezi wa Kiingereza cha Malkia hawaijui tofauti hiyo, nao huyatia yote kapu moja.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Geneva. Shirika la Kazi Duniani limejiita kwa Kiingereza "International Labour Organization". Lina u ambayo Mmarekani asingeiweka, kisha lina z ambayo mwalimu wetu angeizungushia wino mwekundu, zote kwenye jina moja lenye maneno matatu. Wala si kosa la mchapaji. Umoja wa Mataifa unafuata kaida ya Oxford: u zinabaki, "programme" inabaki na mkia wake, na z inabaki mahali pa zeta. Shirika la Afya Duniani nalo liko hivyo, na Shirika la Biashara Duniani pia. Lakini pitia barua za ofisi zetu, vipeperushi vya semina na hata tasnifu za vyuo vikuu, utakuta jina la shirika limesahihishwa kuwa "Organisation", na aliyelisahihisha ameridhika kwamba ameokoa heshima ya Kiingereza cha Uingereza. Ni sawa na karani anayemwandika Hadija kuwa Khadija kwenye cheti chake kwa sababu yeye karani amesoma Kiarabu. Jina ni la mwenyewe.

Wekundu huo wa wino naujua. Nikiwa kidato cha pili niliandika "organize" kwenye insha, mwalimu akalizungushia duara, akaandika pembeni "Marekani?" na kukata nusu maksi. Mezani kwake palikuwa na kamusi ya Hornby, ile ya wanafunzi, jalada limeshikwa na selotepu. Nilipata nafasi ya kuifungua siku ya zamu ya kukusanya madaftari: "organize" ndiyo iliyotangulia kwa herufi nzito, na "organise" ikifuata nyuma kama mbadala. Sikumwonyesha. Alikuwa na fimbo. Ila nimekuja kuelewa kwamba mwalimu yule hakuwa mjinga. Alikuwa anasoma kile ambacho herufi ilimaanisha katika jamii yake, si kile kilichoandikwa kwenye kamusi. Kwake z ilikuwa jinzi, bablishi na sinema za bastola. S ilikuwa shule, mtihani na mtu mwenye adabu. Maana hiyo ni ya kweli kabisa, inagawa watu na inakata maksi, hata kama chanzo chake hakina mashiko.

Chanzo hicho kina tatizo kubwa, nacho ni imani kwamba Waingereza walikuwa na tahajia moja safi, halafu Wamarekani wakaja kuikatakata. Kazi za Shakespeare zilipokusanywa na kuchapwa mwaka 1623, "honor" na "honour" zilikaa humo pamoja bila mtu kuona haya. Uingereza ya wakati ule haikuwa na tahajia ya taifa, ilikuwa na wachapaji, na kila kiwanda kilikuwa na mazoea yake. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliziegemea u, na aliziegemea kwelikweli: aliandika "emperour" na "governour", akaandika pia "musick" na "publick" kwa k mwishoni. Waingereza wa leo wameziacha hizo zote. Anayesema anaandika kama walivyoandika wazee amechagua wazee wachache, na hata hao hakuwasoma hadi mwisho.

Upande wa pili wa bahari nako mambo hayakuwa safi. Tamko la Uhuru la mwaka 1776, waraka wa kujitenga na Mfalme wa Uingereza, linaandika "endeavoured" na "neighbouring" kwa u, kisha linamalizia kwa "Honor" isiyo na u. Utangulizi wa Katiba ya Marekani unaahidi "the common defence", kwa c, kama majeshi ya Tanzania, Kenya na Uganda yanavyoandika neno hilo kwenye majina yao. Wizara iliyokuja kupewa kazi hiyo ndiyo iliyoandika "Defense" kwa s. (Septemba 2025 Trump aliiruhusu kujiita Wizara ya Vita, neno ambalo kwa Kiingereza lina herufi tatu na halina ugomvi na mtu.) Wanaume waliopigana na Uingereza hawakuona kwamba u ni ya adui. Hilo lilikuja baadaye, na lilikuja na mtu mwenye kitabu cha kuuza.

Noah Webster alikuwa mwalimu wa Connecticut. Kitabu chake cha kufundishia tahajia kilitoka mwaka 1783, mwaka ule ule mkataba wa amani na Uingereza uliposainiwa, na kwa vizazi kadhaa kiliuzwa kwa mamilioni ya nakala. Mwaka 1789 alitoa hoja ambayo wanaomsifu kwa uzalendo huiruka haraka: tahajia ikitofautiana na ya Waingereza, hata kwa kidogo tu, vitabu vya Wamarekani italazimu vichapwe Marekani. Uzalendo ulikuwapo, na karibu yake palikuwapo duka. Alikuwa pia miongoni mwa waliohangaika kupata sheria za hakimiliki, kwa hiyo alijua alichokuwa anakisema. Kamusi zake za 1806 na 1828 ndizo zilizokaza "color", "center" na "defense". Zilijaribu pia "tung" kwa ulimi na "wimmen" kwa wanawake, na Wamarekani wakazikataa bila kusita. Kilichopita ni kile ambacho wachapaji na walimu walikuwa tayari kukikubali. Na ni baada ya Webster, Waingereza walipoona Marekani ina kamusi yake, ndipo u zao zilipoanza kunukia uzalendo kwao pia. Aliyekimbiwa naye akaanza kukimbia. S ya "organise" ni mtoto wa mwisho wa mbio hizo. Kadiri z ilivyozidi kuonekana ya Kimarekani, ndivyo Waingereza wengi walivyozidi kuiacha z yao wenyewe, hadi The Times nalo likasalimu amri.

Mtu akidhani mbio hizi ni za mataifa tu, atazame kadi za harusi za Marekani. Familia ya Ohio ambayo haijawahi kuandika u ya ziada maishani mwake, ikichapa kadi ya harusi ya kanisani itaandika kwamba inaomba "the honour of your presence". Vitabu vya adabu za Marekani vinaelekeza hivyo. Kwenye bahasha ile ile anwani ya ukumbi inaweza kuwa na "Center" ya kawaida, lakini ndani, karatasi nene na maandishi ya mwinuko, u imerudi na viatu vyake vya kung'aa. Majumba ya maigizo nayo mara nyingi hujiita "Theatre", na ndivyo linavyoandikwa lile la Washington alikopigwa risasi Lincoln mwaka 1865. Wenye maduka makubwa ya vitongoji vya matajiri wanajua kwamba "Centre" kwenye kibao inapandisha hadhi ya maegesho. Hapo hakuna Mwingereza wala mapinduzi. Kuna Mmarekani anayemkimbia Mmarekani mwenzake wa mtaa wa pili. Kwetu Nairobi na Dar es Salaam "Centre" haimpandishi mtu chochote, kwa sababu ndiyo tuliyoizoea hata kwenye kibao cha kituo cha kunyolea.

Kanada imekaa katikati ya yote haya kwa miaka zaidi ya 130. Mwaka 1890 serikali ya Waziri Mkuu John A. Macdonald iliagiza nyaraka rasmi ziandikwe kwa u, kwa hofu ya vitabu na mazoea yaliyokuwa yakivuka mpaka kutoka kusini. Amri ilishika serikalini. Magazeti hayakujali, na mengi yaliendelea kuandika "color" hadi miaka ya 1990. Kilichotulia mwishoni ni mchanganyiko ambao mgeni anauona kama uzembe: "colour", "centre", "cheque" na "defence" kama London, "organize", "analyze", "curb" na "aluminum" kama Chicago. Duka la vipuri na vifaa vya nyumbani linalojulikana na karibu kila Mkanada linaitwa Canadian Tire, kwa i, na hakuna anayelishuku kwa usaliti. Australia walifanya kituko kinachofanana: chama chao cha wafanyakazi kiliacha u mwaka 1912 kikawa "Labor", ilhali nchi nzima inaendelea kuandika "labour" kwa kazi ya kawaida. Mchanganyiko wa aina hii si kushindwa kuamua. Huko ndiko kuamua kwenyewe.

Hapo ndipo hoja za pande zote zinapaswa kupimwa. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya asili, kwamba cha Uingereza ndicho halisi na cha Marekani ni mkato wa wavivu. Nimekwisha kuonyesha kwamba "honor" imo kwenye Shakespeare na z imo kwenye Oxford, na waliosema wakemia wa Uingereza hawatapiga magoti waliona Chama cha Kifalme cha Kemia kikikubali "sulfur" kwa f mwaka 1992. (Sisi tunasema salfa na tumelala.) Hoja ya mantiki, inayopendwa na Wamarekani, ina uzito zaidi: herufi isiyotamkwa ya nini? Lakini mantiki hiyo wao wenyewe hawaifuati. Wameiacha u ndani ya "glamour", wameiacha "acre" ilivyo, na Rais Theodore Roosevelt alipoagiza mwaka 1906 kwamba wachapaji wa serikali watumie tahajia rahisi za maneno 300, Bunge lilimkatalia kabla mwaka haujaisha. Gazeti la Chicago Tribune lilianza mwaka 1934 kuandika "tho" na "thru", likahangaika nazo kwa miongo minne, kisha likaziacha. Watu hawataki tahajia yenye mantiki. Wanataka tahajia inayofanana na ya watu wanaowaheshimu.

Hoja kwamba jambo lenyewe ni dogo ndiyo inayonipa taabu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Hakuna Mkanada aliyeshindwa kuielewa bajeti kwa ajili ya s. Kama Carney angekuwa mwandishi wa riwaya au mkurugenzi wa benki, ningesema aachwe na herufi zake. Lakini waraka wa serikali hauandikwi na mtu mmoja. Unaandikwa na makarani, unahaririwa, unatafsiriwa kwa Kifaransa, unatafutwa kwenye kompyuta miaka ishirini baadaye na mtu aliyeingiza neno kwa z. Kila idara ikifuata mazoea ya bosi wake, basi tahajia ya nchi itabadilika kila uchaguzi. Waandishi wa ile barua walielekea huko, na hoja hiyo ina nguvu hata kwa asiyejali utaifa. Mwaka ambao Mfalme Charles alikwenda Ottawa mwenyewe kufungua Bunge, Mei 2025, na Washington inazungumzia kuimeza nchi, ilikuwa rahisi kuona s kama njia ya kumkimbia Trump. Tatizo ni kwamba Mkanada anayemkimbia Trump kwa kukimbilia London anatumia herufi ambayo Mwingereza mwenyewe aliikumbatia kwa kumkimbia Mmarekani. Amevaa hofu ya mtu mwingine, na haimkai.

Mbele ya safari waziri mkuu yeyote hatakuwa na sauti kubwa katika hili kama ilivyo orodha ndogo ya lugha ndani ya simu. Kompyuta nyingi zinafika dukani zimewekwa Kiingereza cha Marekani, na mistari myekundu chini ya "colour" inafanya kazi ya Webster bila mshahara. Programu zinazotunga maandishi zenyewe nazo, usipoziambia kitu, mara nyingi huandika Kimarekani. Mkanada anaweza kubishana na mashine kwa sababu ana cha kuonyesha: tangu 1998 ana kamusi yake ya Oxford iliyotungwa kwa ajili ya Kanada, na ana chama cha wahariri kinachoweza kuandika barua. Simu za Android nazo zina chaguo la "Kiingereza (Tanzania)" na "Kiingereza (Kenya)". Chagua mojawapo uone: tarehe na fedha zinabadilika, ila tahajia ni ya Uingereza tu, na hakuna mtu wa Dodoma wala Nairobi aliyekaa chini kuamua iwe hivyo. Tumerithi u, c na "programme", na juu yake tumeongeza chuki ya z ambayo hata tuliowarithi hawakuwa nayo walipotufundisha.

Sioni haja ya Tanzania au Kenya kutunga kamusi ya Kiingereza chao kesho asubuhi. Kazi za Kiswahili peke yake hatujazimaliza. Lakini wasahihishaji wa mitihani wanaelekezwa kila mwaka, na maelekezo hayo yana nafasi ya sentensi moja zaidi: kwamba "organize" na "organise" zote ni sahihi, mradi mtahiniwa asizichanganye kwenye karatasi moja. Mtoto aliyesoma kwenye kamusi ya Hornby angebaki na nusu maksi yake.